Nailoni Kwenye Kamba

Nyuma ya kliniki ya meno pale Mlowo nilikuta nailoni zimeanikwa kwenye kamba. Nikamtania mhudumu, "Dada Tumpe, leo mmefua mifuko ya maandazi?"

"Ingia ukae kwenye kiti, mwenye mdomo wewe!"

Jino lilikuwa limenitesa siku tatu, nikakaa. Tumpe akaleta nailoni moja, bado ina matone ya maji, akaivisha kwenye mpini wa taa iliyonimulika usoni. Dokta Ishaka akaganda na sindano mkononi.

"Tumpe, hiyo umeitoa wapi?"

"Kwenye kamba, dokta. Naziosha kwa sabuni. Kutupa kitu kizima kila mgonjwa akitoka, si hasara?"

"Tangu lini?"

"Tangu nianze kazi. Mwezi wa pili huu."

Nikafumba mdomo bila kuambiwa. Mpini ule dokta anaushika glavu zikiwa na damu ya mtu, halafu anarudisha mkono kinywani mwa mgonjwa.

Dokta akaing'oa nailoni, akaitupa, akaagiza taa, kiti na meza vifutwe vyote kwa dawa.

"Dokta," nikauliza, "na waliokaa hapa kabla yangu?"

Alivua glavu, akafungua daftari la wagonjwa, akaanza kupiga simu kuanzia jina la kwanza tangu Tumpe aanze kazi.