Chungwa la Kileleni

Kila asubuhi, theluji ikianza kuyeyuka kwenye sufuria, mimi na kaka yangu Eilert tulivua soksi tukakaguana vidole vya miguu. Kidole kikiwa cheupe kama nta kwa baridi, mwenzako anauweka mguu wako tumboni mwake, chini ya sweta, mpaka damu irudi. Tulifundishwa hivyo utotoni, kwetu Tromsø. Siku yetu ya tisa huku kwenye visiwa vya barafu vya Svalbard, niliponyoosha mkono kuupokea mguu wake, nilimkuta ameshavaa buti na kuzifunga.

“Leo vipi, bwana?”

“Nimejikagua mwenyewe.”

“Umekuwa daktari lini?”

“Tangu nilipochoka kushikwashikwa na wewe, Sunniva. Koroga uji huo, unaungua.”

Nikakoroga. Mimi si mtu wa kubishana. Kilele kilichoonekana kutoka hemani hakikuwa na jina, na Eilert alikuwa amekisubiri miaka minne. Kesho yake pikipiki ya theluji ingekuja kutuchukua.

Tulipanda kwa saa tatu, ski zetu, zile mbao za kutelezea thelujini, zimebandikwa ngozi chini zisiteleze kurudi nyuma. Mimi nilibeba bunduki ya kujikinga na dubu, yeye kamba. Alitangulia, kama kawaida yake. Ila kila tulipokata kona kwenye mteremko alipigapiga buti ya kushoto kwenye theluji, kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba isiyo na watu.

Kwetu kila mtoto anajua kwamba kurudi kabla ya kufika kileleni si aibu. Tunaambiana hivyo hata mezani, tukila jibini. Mlimani kwenyewe sijamsikia mtu akitaka kuwa wa kwanza kulisema neno hilo.

Kwenye bega la mlima tukapumzika. Kilele kilibaki mwendo wa saa moja. Nilitoa chungwa nililolala nalo kifuani lisigande, nikaanza kulimenya.

“Hilo ni la kileleni,” alisema Eilert.

“Najua.”

“Tangu enzi za baba ni la kileleni. Unajua, halafu unamenya?”

“Shika.”

Nikampa nusu. Hakula. Alitazama juu, kisha akatazama buti zake.

“Mguu wa kushoto,” alisema. “Tangu jana mchana sivisikii vidole. Nilivaa mapema usije ukaviona.”

Maganda yalikuwa yameanza kukakamaa mkononi mwangu.

“Nataka turudi, mdogo wangu.”