Send-off ya Happy Ndani ya Seva

Tovuti yetu ilikata kauli asubuhi, tena msimu wa watalii kuja kuogelea na papa potwe umepamba moto. Ukiifungua, kiduara kinazunguka, kinazunguka, halafu hakuna kitu. Kampuni yetu ya kutembeza watalii hapa Kilindoni inaishi kwa ile kompyuta ya kwenye kona, fundi wetu Theonest anaiita seva. Humo ndimo wageni wanamoagizia safari. Bosi Azhar alitoka ofisini kwake amekunja uso.

Theonest akaanza kuhangaika. Waya za intaneti zimekaa sawa. Umeme upo. Akaizima seva, akaiwasha. Ikanguruma, taa zikawaka, tovuti kimya.

"Nani kagusa hapa?" Bosi akauliza.

Bi Somoe, anayetufanyia usafi na kutupikia chai, alikuwa mlangoni na ufagio wake. Maskini wa Mungu, akajitaja mwenyewe.

"Mimi, bosi. Jana nilichomeka birika la umeme kwenye soketi hiyo hiyo, nikasikia limelia paa! Nisamehe, baba."

Akapiga magoti. Mama wa makamo, wa kuweza kunizaa mimi, kapiga magoti mbele yetu sote. Na Bosi alivyokuwa amepanda hasira, akamwambia aende nyumbani, asirudi.

Na mimi je? Nilisimama pale nimekodoa macho kama zuzu. Moyo ulikuwa umeshaniambia. Jana, wenzangu walipoondoka, nilipakia humo video za send-off ya mdogo wangu Happy, ile sherehe ya kumuaga kabla ya harusi. Ndugu zangu wa Bukoba hawakunipa pumzi: Devota tutumie, Devota tutumie! Simu imejaa, kwenye WhatsApp hazipiti. Neno la siri la seva Theonest alinipa ili niweke picha za wageni. Basi nikaweka send-off nzima humo, wao niwatumie kiungo tu wafungue, kuanzia mashangazi wanaingia wanacheza mpaka ndafu, yule mbuzi mzima wa kuchoma, inakatwa. Lakini asubuhi ile mdomo uligoma kufunguka. Nikajiambia, labda kweli ni birika. Labda! Mtu mzima na akili zangu.

Bi Somoe alipokwisha kuondoka, Theonest akaniita kwa sauti ya chini.

"Hebu njoo uone. Diski imejaa pomoni. Seva haina hata pa kuandikia jina la mgeni mmoja." Akanitazama. "Hii 'Send-off ya Happy' ndiyo nini?"

Nikaangalia mlango wa Bosi.

"Nafuta, yaishe," akasema. "Nani atajua?"

Nikaitikia kwa kichwa. Naona haya hata kulisema, lakini nilikubali. Akafuta, akaiwasha upya, na tovuti ikafunguka vizuri tu. Bosi akapiga makofi.

"Nilijua! Yule mama na birika lake!"

Hapo nikashindwa. Nikamwambia si yeye, ni mimi, nikamweleza yote mpaka hiyo ndafu. Theonest akainama chini ya meza kutafuta waya ambao haukupotea. Bosi akasema, "Basi nenda wewe mwenyewe ukamrudishe."

Nikachukua bodaboda mpaka Kiegeani kwa Bi Somoe, njia nzima napanga maneno. Bi Somoe akanifungulia, macho mekundu, akanikaribisha mkekani kabla sijatamka lolote. Mumewe, Mzee Hemedi, alikuwa ameketi kitandani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu." Akajivuta akae vizuri. "Tumekutia taabu, umekuja mpaka huku. Mwambie bosi wako atuwie radhi. Mke wangu si mharibifu. Na mimi nimemgombeza, nimemgombeza sana leo, mpaka kalia. Hatarudia."

Maneno yote niliyoyapanga yakapotea. Nilitamani ardhi ipasuke niingie.

"Mzee," nikasema, nikitazama mkeka, "mashine niliiharibu mimi. Bi Somoe hana kosa, na bosi amesema arudi kazini. Nilikuwepo anafukuzwa, nikanyamaza."

Mzee Hemedi akamgeukia mkewe. Bi Somoe hakumtazama yeye, alinitazama mimi.

"Sema tena, Devota," akasema. "Sikio lake moja halisikii vizuri."

Nikasema tena, kwa sauti kubwa, mpaka majirani waliokuwa uani wakanyamaza kusikiliza.