Barafu kwa Mtu Aliye Hai

Sabina alitoka kwenye kiwanda cha minofu, Pasiansi, amefunga mfuko wa barafu nyuma ya baiskeli, na kila aliyekutana naye alimpa pole. Hakuelewa ni pole ya nini. Tangu viwanda vya sangara vifunguliwe, barafu mtaani ilikuwa na kazi mbili: kuhifadhi samaki, na kuhifadhi maiti anayesubiri ndugu wa mbali. Teodora wa gengeni alipoona baiskeli haina samaki alifunga genge, akajifunga kanga kiunoni na kwenda kuanza msiba.

Sabina mwenyewe alikuwa na lake. Asubuhi Daktari Jovinary alimweleza kwamba uvimbe ulioota kichwani mwa Maige, mumewe, umeufanya ubongo nao uvimbe, na fuvu ni mfupa, halitanuki kama tumbo. Daktari wa kupasua angefika na ndege ya kesho. Mpaka hapo mwili upozwe ili ubongo utulie, ila mashine ya barafu ya hospitali ilikuwa mbovu. Sabina aliitikia ndiyo daktari, ndiyo daktari, wala hakuelewa hata nusu. Kwao Bujora mgonjwa hufunikwa blanketi, akanyweshwa uji wa moto. Huyu anavuliwa shuka na kuwashiwa feni! Alikasirika, akaogopa, kisha akaenda kuomba barafu.

Saa nane mchana Maige alikuwa amelala na mifuko ya barafu shingoni, kwapani na mapajani, yote imeviringishwa taulo. Alikuwa amechomwa sindano ya kumlaza asitetemeke. Hapo ndipo mama yake alipoingia, Teodora nyuma yake, macho yamewaiva kwa kulia. Nyumbani turubai lilikuwa limeshafungwa.

“Mlitaka mnizikie mwanangu kimya kimya?”

“Shikamoo mama. Hajafa.”

Mama alimpita, akasogea kitandani. Aligusa unyayo wa mwanawe, akaurudisha mkono haraka. “Nimeosha maiti wengi, Sabina. Huu mguu naujua.”

Sabina alitaka kumweleza habari za fuvu na ubongo, lakini maneno ya daktari yalimtawanyika kama vifaranga. Akamtazama mumewe. Midomo ilikuwa rangi ya majivu. Barafu aliileta yeye, kwa mikono yake, na sasa hakujua tena anamhifadhi nani. Akaushika mkono wa mama mkwe, akauweka chini ya pua ya Maige. Wakasubiri, wakasubiri, hata Teodora akaacha kupenga kamasi.

“Anapumua,” mama alisema taratibu.

Papo hapo akafungua kanga ya kiunoni, akaikunjua juu ya kifua cha mwanawe. Sabina akaidaka.

“Usimfunike, mama.”

“Baridi itamuua.”

“Hata mimi naona hivyo,” Sabina alisema, machozi yakimtoka. “Lakini usimfunike.”