Kila Jumamosi Msiba Matai

Mume wangu Kasimiri alianza kuzika watu wa Matai mara tu baada ya mavuno ya maharage. Jumamosi ya kwanza alisema amefiwa na mteja wake wa mabati. Jumamosi iliyofuata shangazi wa yule mteja naye akatangulia. Mimi si mtu wa kushuku ovyo, ingawa mama yangu alikuwa akisema nilizaliwa jicho moja limeshafumbuka. Nilimpa pole, nikampigia pasi shati jeusi, akaondoka. Alipokuja kunitajia binamu wa shangazi, nikaanza kujiuliza kama huko Matai kumeingia kipindupindu ambacho redio haijatangaza.

Halafu kuna namna mtu anavyorudi kutoka makaburini. Anarudi kachoka, viatu vina udongo, hataki maneno mengi. Baba Beda alikuwa anarudi anapiga mluzi. Kucha zake zilikuwa nyeusi, shati linanuka petroli, na macho yanang'aa kama ya kijana aliyepewa namba ya simu. Kitenge changu cha kijani, kile alichoninunulia Beda, kifungua mimba wetu, kwa mshahara wake wa kwanza, kikatoweka kwenye kamba. Na jioni alikuwa anatoka nje na simu, anasimama karibu na tangi la maji, ananong'ona. Nilisogea siku moja nikijifanya naanua nguo. Nikamsikia anasema, "Tafadhali, usimwambie mtu. Nikichelewa, watu wa Dar wataniwahi."

Nililala nikiwaza ni mwanamke gani huyo wa Matai anayegombewa mpaka na watu wa Dar.

Najua mtakachosema. Mtasema Kasimiri ana wazimu wa pikipiki za zamani, kwa hiyo ni pikipiki. Ni kweli ana wazimu huo. Uani kwetu Chanji zipo tatu, kongwe kuliko ndoa yetu, na kuku hawaruhusiwi kuzisogelea. Ana kundi lake la simu, wanaume wazima kutoka Mbeya, Mpanda na hapa Sumbawanga, wanatumiana picha za kabureta kama wengine wanavyotumiana picha za wajukuu. Kila mwaka wanakusanyika na vyuma vyao, wanapanga mstari, wanateremka mpaka Kasanga ziwani wakiacha moshi njia nzima, na nusu yao wanarudi wamepakiwa kwenye Fuso. Lakini pikipiki hakuwahi kunificha. Akipata hata taa ya nyuma ya Honda ya zamani, ananiamsha niione. Kitu anachoficha mtu asiyejua kuficha lazima kiwe na sketi. Hivyo ndivyo nilivyopiga hesabu zangu.

Ijumaa moja mwezi wa sita akaja mezani, akakohoa, akasema, "Mama Beda, kesho nina msiba Matai. Mzee Felisiani, yule bwana mifugo mstaafu, hatunaye."

Nilimtazama. Ilikuwa mara ya kwanza marehemu kupata jina. Nikasema moyoni, kama amepata jina, basi na waombolezaji atapata.

Asubuhi, alipokwisha kuondoka tu, nilikwenda kwa Fransiska, mwenyekiti wa jumuiya yetu. Fransiska ni mwanamke ambaye ukimwambia kuna msiba hakuulizi maswali, anakuuliza unga kiasi gani. Nilimwambia mume wangu amefiwa na mtu wa karibu, mzee wake wa Matai. Kufumba na kufumbua akina mama walikuwa wamejaa kwangu, khanga viunoni, mabeseni ya unga na maharage yamefunikwa vizuri, tukakodi Noah. Hakuna aliyejua kilichokuwa kinanichoma. Kama msiba upo, tungehani kama Wakristo wanavyohani. Kama haupo, nilikuwa na mashahidi. Baada ya miaka yote ya ndoa nilitaka kujua kitu kimoja tu, naishi na mtu wa namna gani.

Njiani upepo wa kiangazi ulikuwa mkali, mashamba yamevunwa, nchi nyeupe mpaka yanapoishia macho. Fransiska alitufundisha wimbo. Mimi niliimba huku nimeuma meno.

Pale sokoni Matai tuliuliza kwa Mzee Felisiani bwana mifugo. Muuza samaki wa migebuka akatuonyesha nyumba ya paa la kijani kwa kisu chake. Tulipofika kwenye kona Fransiska akainua mkono, tukaanza kuimba kwa sauti ya kilio, mabeseni kichwani, tukaingia uani hivyo hivyo.

Hapakuwa na turubai wala moto wa matanga. Palikuwa na mzee mrefu amekaa kwenye kiti cha mbao, amevaa koti zito, ukungu wa mtoto wa jicho umemfunika macho yote mawili. Mbele yake ilisimama pikipiki kubwa nyeusi, BSA, tangi lake limechubuka pembeni. Na nyuma ya pikipiki alichuchumaa mume wangu, anasugua spoku kwa kitenge changu cha kijani.

Wengine walikuwa bado hawajamwona. Mzee aligeuza uso kuelekea kwenye sauti zetu, akasikiliza mpaka ubeti ukaisha.

"Karibuni, mama zangu," akasema. "Mnamlilia nani?"

"Tumekuja kumlilia Mzee Felisiani, baba," Fransiska akajibu kwa unyenyekevu wote. "Poleni sana. Wewe marehemu ni nani wako?"

"Mimi ni mtu wake wa karibu sana," akasema mzee. "Felisiani ni mimi."

Wimbo ulikatika. Beseni la mtu mmoja liliyumba, unga ukamwagika begani. Mzee hakugeuka kututafuta tena, alielekeza uso nyuma ya pikipiki, kule ambako kitenge kilikuwa kimeacha kusugua.

"Kasimiri," akasema. "Jumamosi iliyopita nilikwambia nini?"

Mume wangu alisimama, kitenge changu mkononi.

"Nilikwambia hiki chuma hakitoki hapa mimi nikiwa hai. Ndiyo? Wiki haijaisha, unaniletea waombolezaji."

Akina mama walitazamana. Mji wetu ni Sumbawanga, na kila mtu anajua jina hilo linavyotafsiriwa: tupa uchawi. Kumtangaza mtu hai kuwa amekufa, na wewe unataka mali yake, si jambo ambalo watu wanalicheka na kulisahau. Niliona Fransiska amerudi hatua nyuma, kama vile Kasimiri ana ugonjwa wa kuambukiza. Nami niliyekuja kumwaibisha mume wangu mbele ya watu, nikajikuta naogopa kwa ajili yake.

Nilitua beseni chini. "Shikamoo, babu."

"Marahaba."

"Mimi ndiye mke wake. Aliyewaleta hawa ni mimi. Yeye alinidanganya kwamba anakuja kuzika, kila Jumamosi anakuja kuzika, nami nikadhani ana mwanamke huku. Alipobanwa atafute maiti, akataja jina lililokuwa limejaa kichwani mwake. Ni mwongo, babu, lakini si mchawi."

"Na kwa nini umdanganye mkeo?" mzee akamuuliza.

Hapo ndipo Kasimiri alipopata sauti. Alisema katika shughuli yao, ukishajua pikipiki ya zamani ilipo, unafunga mdomo. Ukimwambia mtu mmoja tu, jioni wanunuzi wa Dar wameshafika na gari la kubebea, na baada ya mwezi unaiona picha yake kwenye mnada wa nchi za watu. "Nikimwambia Mama Beda," akasema, "atamwambia Fransiska."

"Na mimi nimwambie nani?" Fransiska akauliza kwa hasira.

Mzee Felisiani alianza kucheka. Alicheka mpaka kikohozi kikamshika, Kasimiri akamshikilia mabega. Kilipopoa akauliza, "Huo unga ni wa nani?"

"Ni wako, babu," nikasema.

"Basi usirudi mjini. Songeni ugali. Wanangu wako Dar, wakipiga simu wanauliza bei ya pikipiki. Acheni nile msiba wangu nikiwa na meno."

Tulipika. Alituambia tumalize wimbo, akasema sauti ya pili ilikuwa dhaifu. Alitusimulia alivyozunguka Ufipa yote kwa BSA hiyo, aliyoinunua kwa padri mzungu aliyekuwa anarudi kwao, akichanja ng'ombe mpaka Kate na Kabwe. Sasa alikuwa haioni tena, alibaki kuisikiliza. Kasimiri ndiye aliyekuwa akimpigia kiki kila Jumamosi, injini inaunguruma, mzee ameinamisha kichwa, mpaka akitosheka anasema, "Zima, nimesikia."

Mpaka hapo mambo yalikuwa yamepoa. Lakini wakati wa kuaga, yule mzee, sijui alikuwa anatania au alikuwa anatupima, alisema kwa sauti ya kusikika na wote, "Kasimiri, siku wewe na mkeo mtakayonijia na unga wa kweli, chuma hiki ni chenu. Mashahidi ni hawa."

Ningeweza kumziba mdomo kwa mkono wangu. Ndani ya Noah hakuna aliyeimba. Mzee alikuwa amempa mume wangu sababu ya kumtaka afe, tena mbele ya Fransiska.

Tangu siku hiyo sikuwa na amani. Sokoni watu walinipimia mchele huku wakiuliza, "Yule mzee wa Matai hajambo?" Waliuliza kwa upole, wakinitazama mikononi. Lisemwalo lipo, kama halipo laja. Mtoto wa mzee, Yohanes, alimpigia simu Kasimiri kutoka Dar, akasema baba yake akipatwa na lolote familia inajua pa kuanzia. Nilimwambia mume wangu aache kwenda. Akaniambia, "Nikiacha sasa ndiyo watasema nilikuwa naenda kwa ajili ya chuma."

Akaendelea kwenda, safari hii bila shati jeusi. Alipeleka sukari, alipeleka karanga, kikohozi kilipozidi akapeleka dawa. Na hapa nitasema ukweli, maana sina sababu ya kuuficha: nilimshuku kuliko nilivyomshuku wakati wa yule mwanamke wa Matai. Mwanamke ningeweza kumpiga. Lakini mtu anayekwenda kila wiki kumwangalia mzee mgonjwa aliyemwahidi urithi, utajuaje anaangalia nini? Nilikuwa najifanya nalala, namsikia anavyogeuka kitandani, najiuliza kama anamhurumia au anamhesabia. Kikulacho ki nguoni mwako, na mimi nguo hiyo nilikuwa naifua mwenyewe.

Jumamosi moja, akiwa anaoga, nilifungua chupa ya dawa aliyokuwa anaipeleka. Nikanusa. Halafu nikachukua kijiko, nikanywa kijiko kizima, nikakaa jikoni nasubiri nife. Ilikuwa dawa ya kifua tu, chungu, ina ladha ya mnanaa. Niliona aibu kubwa. Jumamosi iliyofuata nikaionja tena.

Mvua za kwanza zilinyesha mwezi wa kumi na moja. Siku hiyo, Jumamosi vilevile, nilikuwa uani nachekecha unga wa chakula cha jioni, na jua lilikuwa bado juu. Kasimiri hakuwa na kawaida ya kurudi kabla ya magharibi. Aliingia kwa mlango wa nyuma, amelowa mvua ya njiani, ameshika kofia mkononi.

"Mama Beda," akasema, "kuna msiba Matai."

Niliacha kuchekecha. Maneno yale niliyasikia mara ngapi katika nyumba hii? Nilinyanyua macho nikamtazama usoni, nami najua nilichokuwa natafuta. Nilikuwa natafuta furaha. Hata kidogo tu, kwenye pembe ya mdomo, kama anavyokuwa akipata spea iliyomsumbua. Nilimtazama muda mrefu kuliko inavyofaa mke kumtazama mume aliyefiwa.

"Na pikipiki?" nikauliza. Nilijichukia, lakini niliuliza.

"Nimeifunika. Yohanes aje aichukue, aipeleke huko mnadani wanakotaka."

"Alikuahidi mbele ya mashahidi."

"Najua." Akakaa kwenye ndoo iliyogeuzwa, akawa anaikunja kofia na kuikunjua. "Niliiwasha kama siku zote. Nikawa nasubiri aseme zima. Hakusema. Nikadhani leo anataka kuisikiliza zaidi, nikaiacha. Ikaunguruma, ikaunguruma. Halafu nikamtazama, nikaelewa, lakini sikuweza kuizima, Mama Beda. Niliogopa. Nilikaa pale nikaushika mkono wake mpaka petroli ikaisha yenyewe."

Kisha alilia, kwa sauti, kama walivyo watu wasiojua kulia. Jirani aliyekuwa anafua ng'ambo ya ukuta aliacha kufua akasikiliza, na mimi sikujali atakwenda kusema nini. Nilimfuta uso kwa khanga yangu yenye unga, akabaki mweupe mashavuni.

Nilichukua simu nikampigia Fransiska. Nilimwambia Mzee Felisiani wa Matai amefariki, tunaondoka kesho asubuhi baada ya misa ya kwanza, kila mtu aje na unga.

"Rosina," akasema taratibu, "una hakika?"

Nikamwambia nina hakika, nikarudi kwenye chekecheo langu.