Majibu ya Don Evelio

Nubia Cardona alipanda ngazi za mtaa mmoja wa Manizales, mji wa milimani nchini Kolombia, magoti yakimlalamikia. Kwa miaka yeye na mkuu wake, Profesa Arbeláez, walikuwa wakitunga dodoso la kupima kama mtu kwa asili yake ni mpenda watu au mpenda upweke. Maswali yaliandikwa, yakafutwa, yakaandikwa upya. Sasa ilibaki kuwauliza watu walewale mara ya pili, kuona kama majibu yangesimama palepale. Tabia ni ngozi, haivuliki.

Mara ya kwanza Bwana Evelio, don Evelio kwa lugha ya kwao, kinyozi mstaafu, alimchekesha hadi kahawa ikampalia. Leo alifungua mlango hajanyoa ndevu.

"Karibu, daktari. Kahawa sina. Mpishi alikuwa mke wangu, Amparo."

Nubia akaelewa. "Pole sana, don Evelio. Lini?"

"Mwezi uliopita. Moyo tu, ghafla. Haya, uliza."

"Tunaweza kuacha."

"Halafu nikae nikiukodolea macho ukuta? Uliza, mwanangu."

Akauliza. Unapenda kukaa na watu? Hapana. Mgeni akibisha hodi, unafurahi? Hapana. Mzee akatabasamu kidogo. "Ila wewe. Hiyo utaiandika wapi?"

Hapakuwa na pa kuiandika.

Chuoni, profesa aliyalinganisha majibu na yale ya mara ya kwanza, akasugua macho. "Huyu anatuvurugia kazi. Mtoe."

"Hakudanganya, profesa. Kafiwa na mkewe."

"Basi ndiyo hivyo. Sisi tunapima tabia, Nubia, hatupimi msiba."

"Na hao wengine? Hatukumuuliza hata mmoja kama kafiwa. Huyu nimejua kwa kuwa alikosa kahawa ya kunipa."

Profesa aliyarudisha majibu mezani. Naye alikuwa hoi.

"Ukisema hivyo, tunaanza upya. Swali jingine, watu wengine, mwaka mwingine."

"Najua."

"Unautaka huo mwaka?"

"Siutaki hata kidogo."

Nubia akavuta karatasi, akaandika swali: *Tangu tuonane, umepatwa na jambo zito?* Akalisoma, akalikata. Zito kwa nani? Kuna anayelemewa na kufiwa, kuna anayelemewa na kodi ya nyumba.

Profesa alikuwa ameshavaa koti la kwendea nyumbani. Akalivua, akavuta kiti.

"Anza na msiba," alisema. "Uandike wazi, msiba."

Nubia akaandika.