Kufungua kwa Kufunga

Kazi yangu katika timu ya taifa ya wanawake ni kufungwa na wageni rasmi. Kwenye karatasi mimi ni kipa, na glavu ninazo, lakini tangu niitwe mara ya kwanza, miaka tisa sasa, nilikuwa sijawahi kusimama golini katika mechi inayohesabika. Si kwamba mechi hazikupangwa. Moja iliahirishwa kwa sababu ya jezi, nyingine kwa sababu ya viza, nyingine wapinzani walifika na sisi wenyeji hatukuwa na habari. Kitu ambacho hakijawahi kuahirishwa ni uzinduzi. Kila mwaka inazinduliwa programu ya maendeleo ya soka la wanawake, anakuja mkubwa fulani, anavua koti, anapiga penalti, na mimi najirusha upande usio na mpira. Nimefungwa na waziri, nimefungwa na meneja wa benki, nimefungwa na mama mmoja mfadhili aliyekuwa amevaa viatu vya kisigino. Wote walishangilia kutoka moyoni, na sisi tukawapigia makofi.

Msidhani ni kazi rahisi. Ukijirusha mapema, inaonekana umemhurumia mkubwa, na huko ni kumvunjia heshima. Ukichelewa, mpira unaweza kukugonga. Inabidi usubiri mguu wake uguse mpira, uone unakwenda wapi, halafu uende kwa nguvu zako zote kwingine. Wenzangu walinibandika jina la Karibu Mgeni, na kocha mwenyewe alikuwa akiniita hivyo mazoezini.

Siku nyingine niko dukani, duka la vifaa vya ujenzi, nabeba saruji na kupima misumari. Kila nikiomba ruhusa ya kwenda kambini, tajiri yangu huniuliza, "Safari hii mnacheza na nani?" Nikimjibu kwamba tunazindua, hunikodolea macho, kisha husema nikirudi nianze na kushusha nondo. Nilishamzoea. Na kwa kweli, ningekuwa mimi ndiye tajiri, ningeuliza vilevile.

Aliyekuwa ananiumiza ni mama yangu. Yeye ndiye aliyekuwa akibaki na binti yangu kila nilipoitwa kambini: anampikia, anamsuka, anakwenda vikao vya wazazi shuleni na miguu yake inayovimba. Hajawahi kunizuia hata siku moja. Aliacha tu kuuliza matokeo. Kisha jioni moja nikamsikia jikoni akiongea na shangazi, mlango uko wazi, wala hawakujua nimesharudi. "Anasema ni timu," Mama alisema. "Mimi sijui. Mtu mzima ukimfuatafuata, unajua usiyotaka kujua." Shangazi akaguna. Nikaelewa kwamba nyumbani kwetu inaaminika nina mwanamume mahali, na mpira ni kisingizio. Nilisimama pale koridoni na mkoba wangu wa glavu, nimenuna, na sikuwa na cha kuwaonyesha.

Ndiyo maana Katibu wa shirikisho alipotangaza kwamba timu kutoka nje inakuja, mechi ya kirafiki inayotambulika kabisa, na mwamuzi ametoka nchi ya tatu, sikwenda kwa fundi kushona nguo ya hafla kama wenzangu. Nilikwenda kwa kocha. Nikamuuliza ni nani anaanza golini. Akaniambia, "Wewe. Mwakani nina makipa wawili wanapanda kutoka timu ya vijana, kwa hiyo safari hii acha niwe na adabu." Nikarudi nyumbani nikamwambia Mama, njoo uone mwenyewe. Akauliza kama inabidi kuja na mwavuli. Nilijua hapo kwamba atakuja, na usiku ule usingizi ulikuwa wa kuazima.

Tatizo la Mama ni macho. Ana mtoto wa jicho, na jua likishashuka haoni vizuri, hata ngazi za nyumbani anazipapasa. Nikamwambia asiwe na wasiwasi, mechi ni saa kumi jioni, hadi saa kumi na mbili tumeshamaliza na atarudi kwa nuru. Uwanja wetu una nguzo nne za taa, ndefu, nzuri kweli kuzitazama. Taa zenyewe zimo katika awamu ya pili ya ujenzi.

Saa kumi ikafika. Sisi tumejipanga, wageni wamejipanga, mwamuzi amejipanga, mpira uko katikati. Mgeni Rasmi yuko njiani. Mkubwa akiwa njiani, msifikiri ameshatoka nyumbani. Nikamwona Mama safu ya mbele ng'ambo ya uwanja, amevaa gauni lake la kanisani, mkoba mapajani, amekaa wima kama anasubiri kuitwa kwa daktari. Nikampungia mkono, naye akapunga, ingawa nadhani alimpungia beki wetu wa kulia.

Mgeni Rasmi alipofika, hotuba zikaanza. Kila msemaji alishika kipaza sauti akasema, "Itifaki imezingatiwa," maneno ambayo mimi nilidhani yana maana ya kwamba hatutajwi mmoja mmoja. Kisha akatutaja mmoja mmoja. Katibu akazingatia itifaki kuanzia Mgeni Rasmi hadi mwenye mahema. Mfadhili akaizingatia upya, kwa sababu Katibu alimsahau naibu wa mtu fulani. Tukaelezwa tulikotoka, tulipo na tunakokwenda. Mgeni Rasmi mwenyewe, baba mnene mwenye sauti nzuri, alisema mabinti hawa kilio chao ni kimoja tu, wapewe nafasi ya kucheza. Fundi, mshambuliaji wetu ambaye ni fundi cherehani mtaani kwao, akaninong'oneza, "Mwambie basi atupishe." Vivuli vya nguzo zile za taa vilikuwa vimeshafika upande wa pili wa uwanja.

Halafu ikaja zamu yangu. Mshereheshaji akasoma kwenye ratiba kwamba sasa Mgeni Rasmi atafungua mechi kwa kufunga penalti. Sikulitilia maanani neno lile. Miaka yote ratiba ilikuwa ikisema kupiga, na aliyeichapa safari hii sijui alikuwa na haraka au alikuwa na imani kubwa na mkubwa. Mimi nilitaka jambo moja, afunge upesi tucheze.

Akavua koti. Akarudi nyuma, akaja mbio na viatu vyake vya ngozi, akateleza kidogo, na mpira ukatoka umechoka. Mimi nilikuwa nimeshausoma mguu wake unaelekea kushoto, nikajirusha kulia kama kawaida yangu. Mpira ukanifuata huko huko kulia, polepole, ukanigonga kwenye mapaja nikiwa nimelala.  Katika kazi yangu yote hiyo ndiyo penalti ya kwanza niliyookoa, na niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto.

Mgeni Rasmi akacheka, muungwana wa watu, akaanza kuvaa koti. Angeachwa avae, mambo yangeishia pale. Lakini akatokea bwana wa itifaki, kijibwana chembamba chenye beji mbili, ameshika ratiba. "Bado, mheshimiwa," akasema. "Ratiba inasema kufunga. Haisemi kupiga." Nahodha wetu akamwambia kwa upole kwamba giza linakuja. Bwana wa itifaki akamjibu kwamba yeye hahusiki na giza.

Basi mpira ukarudishwa. Mara ya pili nikaona nisijirushe kabisa, nikajisogeza pembeni kabisa mwa goli, uwazi umebaki wa kupitisha lori. Akaupiga ukagonga nguzo ya goli ya upande wangu, ukarudi. Mara ya tatu nikamtazama machoni na kumwonyesha kwa kidevu, pale, baba, pale katikati. Akaitikia kwa kichwa. Nikaruka pembeni kumpisha, na mpira ukanipiga kisigino ukatoka nje. Kuna watu jukwaani walianza kunizomea kwamba nina roho mbaya. Mwamuzi alikuwa amesimama katikati, anatazama saa yake, kisha anga, kisha saa yake tena.

Mara ya nne sikusubiri tena mguu wala nini. Alipoanza tu kukimbia, nililala chini kifudifudi na kuziba uso kwa glavu. Nikasikia wavu. Wapiga picha wakakimbia, bendi ikapiga, watu wakasimama wakashangilia, Mgeni Rasmi akanyanyua mikono yote miwili. Akavaa koti, akatupungia, akaingia garini, na msafara wake ukaondoka na nusu ya jukwaa. Nilipoinuka na kujifuta nyasi, nikatazama safu ya mbele. Mama hakuwepo.

Nilijiambia amekwenda chooni. Filimbi ikalia, tukaanza. Sijui niseme nini kuhusu mechi yenyewe, maana ilikuwa fupi, lakini ilikuwa mechi. Wale wageni walikuwa wazuri, wanapigiana pasi bila kutazamana, na sisi miguu ilikuwa imeganda kwa kusimama. Fundi alipata nafasi moja akaipaisha, akaitukana. Mimi nilipiga kelele mpaka koo likakauka, beki wa kulia rudi, beki wa kulia panda, na beki wa kulia akanisikiliza, jambo ambalo hajawahi kulifanya kambini. Kila mpira ulipotoka nje, niligeuka kutazama safu ya mbele, na kila mara viti vilikuwa vyeusi zaidi.

Kisha yule namba tisa wao akatupita wote. Nilimwona kama kivuli tu, jezi yao ilikuwa ya bluu na hewa nayo ilikuwa ya bluu. Aliupiga chini, kulia kwangu. Mwili wangu, kwa mazoea ya miaka tisa, ukataka kwenda kushoto, niliuhisi kabisa unaondoka, nikaukatalia. Nikaenda kulia. Vidole vikauona mpira kabla ya macho, nikausukuma ukazunguka nguzo ukatoka. Nililala pale kwenye tope la langoni na kucheka peke yangu. Hakuna aliyepiga makofi, kwa sababu hakuna aliyejua kama mpira umeingia, umetoka au umepotea. Namba tisa mwenyewe alikuwa anauliza.

Mwamuzi akapuliza filimbi, akaonyesha juu, akaonyesha chini, akakunja mikono. Hata mapumziko hatukuwa tumeyafikia. Kocha alitueleza chumbani, kwa mwanga wa simu, kwamba mechi isiyokamilika haihesabiki, na wenzetu ndege yao ni asubuhi. Fundi alivua viatu. Katibu akapita mlangoni kutupongeza kwa hafla iliyofana.

Nilifika nyumbani nimechafuka mpaka nyusi. Mama alikuwa mezani na binti yangu, gauni la kanisani bado mwilini, na shangazi ameitwa. Aliponiona alisimama. Mama hasimami ovyo, kwa ile miguu.

"Mbona uliondoka?" nikamuuliza, na nilikuwa na hasira, siwezi kudanganya.

"Si ilikwisha?" akasema. "Watu walisimama, wakapiga makofi, mkubwa akaondoka. Nami nikatafuta usafiri mapema kabla macho hayajanikatalia." Akanishika mkono, ule wenye tope, akamgeukia shangazi. "Nimemwona mwenyewe. Lile baba lilimpigia mara nne, likatoka huko mbali linakuja mbio. Mara tatu mwanangu akalizuia. Peke yake, wenzake wamesimama tu wanatazama."

"Tatu," akasema shangazi.

"Tatu kwa nne." Kisha akaniambia mimi, kwa sauti ya chini, "Kuna maneno niliyasema nyuma yako, mama. Nilidhani unanidanganya. Unisamehe."

Nikakaa. Binti yangu akaniletea maji. Ningeweza kunyamaza pale pale, na mtu mwenye akili angenyamaza, lakini mimi jambo likiniwasha silali nalo. Nikasema, "Mama, ile haikuwa mechi."

"Ilikuwa nini?"

Nikafungua mdomo nimweleze kufungua kwa kufunga, na itifaki, na awamu ya pili, nikaona nitawalaza na njaa. Nikamweleza mpira wa namba tisa badala yake. Nilisimama katikati ya chumba nikamwonyesha alivyokuja, nilivyotaka kwenda kushoto, nilivyokwenda kulia. Nikajirusha mpaka kwenye kochi. Mama alinisikiliza mpaka mwisho, akiwa amekunja kipaji cha uso kama anavyofanya akisomewa maelekezo ya dawa.

"Nani aliuona huo?" akauliza.

"Giza lilikuwa limeingia, Mama. Hakuna."

Akafikiri. Akanitoa jani la nyasi kwenye nywele, akaliweka mezani.

"Basi tuchukue zile tatu," akasema. "Zile mimi nilikuwepo."

Nilimtazama shangazi, nikamtazama binti yangu, wote wananingoja mimi. Nikasema sawa, Mama, tuchukue zile tatu.