Makovu ya Mikononi

Verediana alirudi Nyakisasa amepona. Hospitalini walimlaza kwa dawa ya usingizi na kumpitishia umeme kichwani mara nane, mpaka hamu ya kufa ikamtoka. Ila hakukumbuka chochote cha miezi ile ya ugonjwa.

Siku moja, akimenya ndizi, alimuuliza mumewe Leonidas, “Baba Suzan, haya makovu ya mikononi nimeyapata wapi?”

“Hao wa hospitali. Walikufunga.”

“Watu wabaya hao! Asante kwa kunitoa kule, mume wangu.”

Asante ile ilimshinda Leonidas kuimeza.

“Nimekudanganya. Ni mimi niliyekufunga, kwa kamba ya mbuzi. Siku tatu.”

Verediana aliweka kisu chini.

“Suzan aliona?”

“Aliona,” alisema Leonidas, macho chini.